Asidi ya hipuriki imeshuka kwenye mkojo: je, mgonjwa amepona?

Swali: Ninafanya utafiti wa uzamili kuhusu uvimbe wa utando wa tumbo unaosababishwa na bakteria Helicobacter pylori (H. pylori). Tunapima mkojo kabla ya tiba, kisha wiki moja baada ya dawa kuisha. Asidi ya hipuriki imeshuka karibu kwa kila mgonjwa. Je, niichukue kama kiashiria kwamba tiba imefaulu?

Jibu: Hapana ndugu, bado. Ninavyoona, hapo umepima athari ya antibiotiki kwenye utumbo mpana, wala si kifo cha bakteria wa tumboni.

Fuatilia asidi hiyo inakotoka. Bakteria wa utumbo mpana huvunjavunja kemikali za mimea tunayokula hadi ipatikane asidi ya benzoiki. Ini huiunganisha na glisini, aina ya asidi amino, ikawa hipuriki, figo zikaitoa. Sasa amoksisilini na klarithromaisini, antibiotiki za tiba hii, hazichagui adui. Zinawafyeka na hao wa utumbo mpana. Kwa hiyo hipuriki inaweza kushuka hata kwa mgonjwa ambaye H. pylori wake ni sugu na bado yupo. Indoksili salfeti, kemikali nyingine ya mkojo inayoanzia kwa bakteria wa utumbo, nayo ina udhaifu huohuo.

Wanaoweza kukupa jibu ni wagonjwa ambao tiba haikufaulu kwao. Watenge kwa kipimo cha pumzi cha urea au cha antijeni (chembe za bakteria huyo) kwenye kinyesi, halafu linganisha mkojo wao na wa waliopona, kwa kuwa wote wamemeza dawa zilezile. Hipuriki ikiwa imeshuka sawa pande zote mbili, iache. Najua kundi hilo huwa dogo, lakini bila wao hakuna hitimisho linalosimama.

Wiki moja pia ni mapema mno. Vipimo hivyo hufanywa angalau wiki 4 baada ya antibiotiki kuisha, na omeprazoli na jamii yake, dawa za kupunguza asidi ya tumbo, zisimamishwe wiki 2 kabla, maana bakteria waliodhoofika huweza kujificha na kipimo kikasema hawapo. Chukua mkojo siku hiyohiyo, ule wa kwanza wa asubuhi, na ugawanye kila kiwango kwa kreatinini, taka ya misuli, ili mkojo mzito na mwepesi ulinganike. Andika pia alichokula na kunywa mgonjwa jana yake: kahawa, chai, matunda na vinywaji vyenye kihifadhi cha benzoeti hupandisha hipuriki.

Usishawishike na kingamwili za mkojo. Zinasaidia kuonyesha kwamba mtu aliambukizwa, ila hubaki miezi mingi baada ya bakteria kwisha.

Ukitaka kiashiria cha mkojo kinachomgusa bakteria mwenyewe, soma kuhusu urea yenye naitrojeni-15, isotopu (aina nzito kidogo ya naitrojeni) isiyo na mionzi. Mgonjwa huinywa, kimeng'enya cha urease cha H. pylori huivunja, amonia inayotoka hufyonzwa, na sehemu yake huonekana kwenye mkojo kama amoniamu yenye alama ile. Bakteria wakifa, alama hiyo hupungua sana. Ningeanza na hiyo, kisha nione hipuriki inaongeza nini juu yake.