Msiuze Shamba kwa Sababu ya Picha Yangu

Ile picha mnayoisambaza kwenye grupu ya ukoo, niliyosimama mbele ya sahani kubwa nyeupe, nilipigiwa Jodrell Bank, kaunti ya Cheshire, Uingereza. Sahani ile inaitwa darubini ya Lovell. Ina upana wa mita 76 na imefanya kazi tangu 1957. Siiendeshi mimi. Mgeni yeyote akilipa kiingilio anapiga picha pale. Inabidi niseme haya kwa sababu kuna jamaa mjini Nakuru anayewaonyesha watu picha hiyo akidai kwamba "kituo cha nyota cha dunia" kinaajiri watafiti mia tano kutoka Kenya, nyumba bure, mshahara wa pauni, cheti cha Form Four kinatosha, na nafasi inashikiliwa kwa shilingi elfu themanini. Na nimeambiwa, Mjomba, kwamba umeshatafuta mnunuzi wa robo ekari kule Bahati ili mwanao ashikiliwe nafasi.

Mpigie huyo mnunuzi umwambie shamba haliuzwi. Mpigie kwanza, kisha ndipo uendelee kusoma.

Kituo chenyewe kipo, hilo ni kweli. Kinaitwa SKA (Square Kilometre Array), yaani mradi wa kujenga darubini kubwa za kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, na makao makuu yake yako hapo hapo Jodrell Bank. Ni shirika la serikali kadhaa. Mkataba wake ulitiwa saini Roma mwaka 2019 na ukaanza kutumika Januari 2021. Darubini zake mbili za redio zinajengwa mbali na hapa: moja Karoo, Afrika Kusini, itakayokuwa na sahani 197 ukihesabu zile 64 za MeerKAT, darubini ambayo tayari inafanya kazi pale, na nyingine Australia Magharibi, yenye antena 131,072, kila moja kimo cha mita mbili hivi. Kenya ni mojawapo ya nchi 8 za Afrika zinazoshirikiana na mradi huu, pamoja na Ghana, Zambia, Botswana na nyinginezo. Lakini kuwa mshirika si kuwa mwanachama, na hakuna fungu la kazi lililotengewa Wakenya.

Kazi zinapotokea hutangazwa wazi kwenye tovuti ya shirika. Za kule Australia hupitia CSIRO, shirika lao la taifa la utafiti, za Afrika Kusini hupitia SARAO, taasisi yao ya darubini za redio. Kutuma maombi ni bure. Mwanasayansi anatakiwa awe na PhD, mhandisi awe na shahada na uzoefu, fundi awe na ufundi wake. Anayekudai hata shilingi mia akufikishie CV ni mwizi, na mnaweza kumwambia nimesema hivyo.

Mimi mwenyewe sijaajiriwa na SKA. Nimeajiriwa na chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza, katika kikundi kinachoandika programu za kusafisha data kabla sahani hizo hazijakamilika. Hakuna anayechungulia kwenye lenzi. Hidrojeni iliyo angani hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 1420, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo mawimbi hayo yanavyotufikia yakiwa ya chini zaidi, mpaka yanaingia kwenye masafa yale yale yanayotumiwa na simu, ndege na setilaiti. Kwenye skrini yangu setilaiti hutokea kama mstari mweupe unaokatiza kila kitu. Natafuta unakoanzia na unakoishia, naweka alama kwamba sehemu hiyo isitumike, naendelea na inayofuata. Halafu naandika programu ya kuufuta bila mimi, naangalia kama imefuta na galaksi pia. Mara nyingi imefuta. Ni kazi ninayoipenda kweli kweli, na singependa mtu asome haya akadhani naichukia.

Kidonda kiko kwingine, na hakuna anayekitaja kwenye grupu.

Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Karibu kila mtafiti kijana ninayemjua huku anaishi hivyo: miwili, au mitatu ukibahatika. Pesa za mradi zikiisha, kazi imekwisha, hata kama uliifanya vizuri namna gani. Na viza yangu imefungwa kwenye kazi hiyo. Mwajiri ndiye mdhamini wangu. Siku kazi inapokoma anaarifu idara ya uhamiaji, na kwa kawaida mtu hupewa siku 60 awe amepata mdhamini mwingine au amefunga mizigo. Katika fani hii siku 60 hazitoshi hata kuitwa kwenye usaili. Nafasi nyingi hutangazwa kuanzia Septemba, maombi hufungwa Novemba na Desemba, majibu huja Januari au Februari, na kuanza kazi ni vuli inayofuata. Ukikosa msimu, umekosa mwaka.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza unajifunza mfumo wa wenyeji wako, na wa pili unatafuta pa kwenda. Nikitoka kazini jioni naanza kazi ya pili: kurasa kadhaa za niliyoyafanya, kurasa kadhaa za nitakayoyafanya, orodha ya machapisho, kuwabembeleza watu watatu waniandikie barua kwa wakati. Maombi mengine hujibiwa kwa sentensi mbili. Mengine hayajibiwi kabisa. Mchana nakaa na wenzangu tunapanga majaribio ya mwaka kesho, na mimi sijui kama mwaka kesho nitakuwa kwenye nchi hii.

Halafu kuna ada ya afya. Kabla hujakanyaga Uingereza unalipia matibabu ya miaka yote ya viza kwa mpigo: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, pauni 776 kwa mtoto. Viza ya miaka mitatu ni zaidi ya pauni 3,100 kwa mtu mmoja, na hapo hujagusa ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu Nairobi, wala nauli. Ukipata kazi nyingine na viza nyingine, unalipa tena. Mwajiri wangu alinirudishia gharama zangu. Za mke wangu na mtoto alisema hazimhusu. Mnaoniuliza kila Krismasi kwa nini familia yangu bado iko Section 58, jibu ni hilo. Sijamtelekeza mtu. Siwezi kuwaleta kwa mkataba ambao huenda ukaisha kabla mtoto hajazoea shule.

Najua mnapiga hesabu ya mshahara. Mtafiti aliyemaliza PhD huku hupata takriban pauni 40,000 kwa mwaka kabla ya makato. Mkizidisha kwa shilingi mnaona mamilioni, na mamilioni ni kweli yapo, mpaka itoke kodi ya serikali, bima ya taifa, pensheni, kodi ya nyumba, ushuru wa manispaa na stima ya miezi ya baridi. Kinachobaki ni pesa nzuri, sitaki kuwadanganya. Natuma kila mwezi na nitaendelea kutuma. Ila kuna sehemu siigusi: ni ya zile siku 60, na ya viza itakayofuata. Shangazi, ulipochangisha mabati ya kanisa nikasema mwezi huu sina, ukawaambia watu nimeshiba nikasahau nilikotoka, pesa niliyoikatalia ilikuwa hiyo. Ningeitoa, na kazi ikome, ningerudi kwako kuomba nauli.

Mama bado anadhani nina kazi ya kudumu. Anailinganisha na ile ya TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, niliyoiacha, yenye pensheni, ambayo mtu alikuwa hakuondoi hivi hivi. Nilikuwa mwalimu pekee wa fizikia katika shule ya kutwa njia ya kwenda Subukia. Nilipoondoka, somo lilikaa bila mwalimu, na wasichana waliokuwa wakiingia Form Three wakachagua masomo mengine kwa sababu hapakuwa na wa kuwafundisha. Wawili kati yao walikuwa wepesi kuliko mimi. Hilo linaniuma kuliko baridi, na baridi ya huku inauma. Nimeshaulizia kama nafasi ile ipo. Si kwamba nimeshindwa. Nataka tu kujua mlango upo wapi.

Sasa wewe, ndugu yangu mdogo, uliyemaliza fizikia pale Egerton na kuanza haya yote kwa kuuliza swali la haki: naweza kufanya kazi kama yako?

Usije. Nakwambia kama kaka. Una mchumba, una mzazi anayezeeka, na una kibarua cha kufundisha unacholipwa na BOM, bodi ya shule, ambacho ni kidogo lakini kinakufanya ulale kwenu. Huku utakuwa mgeni mwenye tarehe ya kuondoka.

Lakini nafasi ya masomo, omba. Mimi nilianzia kwenye mafunzo ya astronomia ya redio ya DARA, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds ukafundisha vijana wa nchi zote 8 washirika. Nikapata ufadhili wa masomo na sikuuza hata kuku. Njia kama hizo hufunguka na kufungwa, kwa hiyo ulizia kwenye idara za fizikia za Nairobi, wala usingoje tangazo la WhatsApp. Angalia Afrika Kusini kabla ya Uingereza. SARAO imefadhili wanafunzi wa nchi washirika, na ukifika Cape Town utakuwa karibu na wanaozitumia sahani zenyewe. Usidanganywe na ile ruhusa ya siku 90 bila viza ambayo Wakenya wanayo tangu 2023: ni ya kutembea, si ya kusoma wala kufanya kazi. Na vyeti vyako vitakaguliwa upya kule, tena polepole.

Hata Nakuru usiidharau. Sahani ya Longonot iliyofunguliwa 1970 kwa ajili ya simu za nje iko kwenye kaunti yetu. Ghana walikuwa na ya kwao Kuntunse, mita 32, wakaigeuza darubini ya redio na kuizindua 2017. Yetu ilipangiwa hivyo hivyo. Sijui kitu kingeweza kunifurahisha kuliko kusikia wewe ndiye uko pale na bisibisi, nami nakuuliza maswali kutoka huku. Kenya ikiwa na wataalamu kumi wanaoijua kazi hii watakuwa na nguvu ya kuidai. Ndiyo maana nakwambia soma, hata baada ya kukwambia usije.

Anza na mfumo wa kompyuta wa Linux na lugha ya programu ya Python usiku huu, kwa kompyuta yoyote utakayoazimwa. Data za MeerKAT zilizotolewa kwa umma ni bure, ila usipakue data ghafi, itamaliza bando lako kabla ya saa sita. Chukua picha zilizokwisha kutengenezwa, tafuta galaksi moja, upime mwangaza wake, uandike ulivyofanya mpaka mtu mwingine aweze kurudia. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unamwambia msimamizi mengi kuliko vyeti vitano vya semina.

Barua yako ya maombi nitumie mimi kwanza kabla hujaipeleka popote. Iandike mwenyewe, usimlipe mtu wa saiba akuandikie, maana barua zao zote zinafanana na wanaozisoma huku wamezijua. Itume Jumamosi. Jumapili siandiki maombi yangu, nitakuwa na nafasi ya kuisoma yako yote.