Mpe mtoto kitu kitakachonyauka asipokuwepo

Juzi mama mmoja wa Dar es Salaam aliniandikia. Mwanawe yuko darasa la nne. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, jioni yuko tuisheni, na kila Jumapili usiku tumbo linamuuma. Hospitali wamempima, hawajaona kitu. "Mwalimu, nifanye nini?"

Dada yangu, nakujibu hapa ili na wenzako wasome. Ila nivumilie kwanza nisimulie habari za bustani, maana ushauri wangu wote umetoka huko.

Nafundisha shule ya msingi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Nilipopewa darasa la nne nilikuta shamba la shule nyuma ya vyoo, magugu yamefika kiunoni. Watoto walilijua vizuri sana. Ukichelewa namba, unapelekwa kule kulima. Ukipiga kelele darasani, unabeba ndoo. Sisi wenyewe tumekulia hivyo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba, lakini alitaka pia wanafunzi washirikishwe kuamua mambo ya shamba lao na waone faida ya jasho lao. Tulichukua jembe, maamuzi tukabaki nayo wenyewe, kisha jembe lenyewe tukaligeuza ndugu wa fimbo. Halafu tunashangaa mtoto akigusa udongo anakunja uso!

Kwangu sheria ikawa moja: bustani si adhabu. Mtoto akikosea tunamalizana kwa njia nyingine. Kila watoto wawili wakapewa tuta, wakachagua wenyewe cha kupanda. Wengi walichagua mchicha, nami nikafurahi, kwa sababu baada ya wiki tatu au nne wanavuna. Miti ya mgeni rasmi siipendi. Anapanda, anapigwa picha, kiangazi kikifika mti umekauka na hakuna wa kuulizwa. Tuta la mchicha lina wenyewe, na wenyewe wanajulikana kwa majina.

Kulikuwa na mvulana aliyerudi shuleni baada ya kumzika baba yake. Hakuwa anasumbua, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumsahau. Hakuongea tu. Nilimpanga tuta moja na msichana ambaye hanyamazi hata akila, nikawaacha. Asubuhi moja akanifuata hadi mlango wa ofisi, amevimba kwa hasira: "Mwalimu, kuku wa jirani wamechakura tuta letu!" Sijawahi kufurahia hasira ya mtoto kama siku ile. Wakakata miba, wakazungushia tuta. Akaanza kuwahi shuleni ili akague miba yake. Sisemi huzuni iliisha. Nasema alipata kitu cha kumtoa kitandani.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akasema, "Sijamleta mwanangu hapa kuwa kibarua." Watu wakapiga makofi. Mkuu wangu akawa anaangalia simu. Nilirudi kiti changu nikakaa, na makofi yale nayasikia hadi leo. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne yalipotoka, darasa langu lilifanya vizuri. Sidai kwamba mchicha ndio uliofundisha hesabu, ingawa mzingo na eneo tulijifunzia kwenye matuta kwa kamba na rula ya mita. Yule baba hakusema kitu. Wala sikumsubiri aseme. (Nilimsubiri.)

Turudi kwako, dada. Huenda umepanga chumba, huna uwanja. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe chini, changanya udongo na samadi iliyooza, omba kwa jirani vipande vya shina la matembele mchomeke. Hununui mbegu. Mwanao ndiye achomeke, ndiye amwagilie, ndiye aseme lini yanachumwa. Mkiwa na uwanja, kuku wawili ni bora zaidi. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, ni tone la jicho kila miezi mitatu, na yeye ndiye amshike kuku.

Na hapa ndipo wazazi tunapoharibu: majani yakilegea, usimwagilie kwa siri usiku akiwa amelala. Msichana wa kazi naye umkataze. Mtoto ambaye viatu anafungwa, begi anabebewa na matembele anamwagiliwa, ataamka kesho kwa ajili ya nani? Tunawapenda, sawa, lakini mapenzi ya kumfanyia kila kitu yanamwambia hahitajiki. Mpe kazi inayomtegemea, kisha mwamini.

Lakini tumbo la Jumapili usiliachie matembele. Nenda shuleni ukaulize anakaa na nani, mwalimu gani anamwogopa, kama anapigwa. Piga na hesabu ya usingizi. Mtoto wa umri wake anahitaji saa tisa au zaidi, na kama anaamka saa kumi na moja, saa mbili usiku awe kitandani. Kwa tuisheni ile haiwezekani. Ifute hata siku mbili kwa wiki. Mwalimu wa tuisheni atakununia, mwache anune.