Meshi inagoma, nifanyeje?

SWALI: Kaka habari, nasoma uhandisi mitambo hapa Dar. Nimechora bamba la chuma lenye tundu katikati kwenye FreeCAD (programu ya kuchora), nikilipeleka Gmsh, programu ya kuligawa vipande vidogo vya hesabu (ndo meshi), meshi inakataa au inatoka na vipembe vyembamba ajabu. Shida nini? Msomaji, Sinza.

JIBU: Mdogo wangu, anzia kwenye mchoro kwanza. Toa faili la aina ya STEP, linalobeba umbo halisi, maana lile la STL linabeba vipembetatu vya uso tu na duara halisi la tundu linapotea. Halafu futa vidude visivyobeba mzigo, maandishi, vikona vya nusu milimita, hivyo ndo vinalazimisha elementi (vipande vya meshi) ziwe ndogo na zilizokaa vibaya. Ila pale kwenye tundu usifanye ubahili kabisa, weka elementi ndogo, kwasababu bamba pana likivutwa stresi (nguvu kwa kila eneo) ukingoni mwa tundu inafika mara 3 ya ile ya mbali na tundu, huko mbali weka kubwa tu kompyuta ipumue. Na tafadhali sana tumia tetrahedra (elementi zenye nyuso nne za pembetatu) za nodi 10, nodi ni zile pointi za hesabu kwenye elementi, zile za nodi 4 zinakuwa ngumu mno kwenye kupinda, zinakudanganya! Ukimaliza punguza saizi ya elementi iwe nusu urudie hesabu, stresi ikibadilika sana basi meshi bado.