Guru na Shani pamoja Mbuzi: jibu kwa mama wa mtoto wa Desemba 2020

Dada, hongera kwa mtoto, na pole kwa hofu uliyotiwa. Umesema mwanao kazaliwa Dar es Salaam tarehe 21 Desemba 2020, saa tatu asubuhi, na kwamba kuna mtu kakuambia Guru (Mushtari) na Shani (Zohali) wamekaa pamoja kwenye rashi (alama ya nyota) ya Mbuzi, Guru "ameanguka" (yuko rashi inayomdhoofisha), kwa hiyo mtoto hana bahati ya elimu wala dini, na dawa yake ni pete ya yakuti ya buluu. Hiyo pete usinunue. Sababu nitaitoa, ila kwanza tuiangalie chati yenyewe ya jyotish, yaani unajimu wa Kihindi, maana ina kasoro.

Chati uliyobandika inaonyesha lagna (rashi iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa) ni Mizani na Surya, yaani Jua, yuko nyumba ya tatu kati ya zile kumi na mbili zinazohesabiwa kuanzia lagna. Haiwezekani. Nyumba ya kwanza hadi ya sita ndiyo nusu ya anga iliyo chini ya ardhi. Jua likiwa nyumba ya tatu, nje bado ni giza. Mtoto wa saa tatu asubuhi lazima Jua lake liwe limeshachomoza, liko nyumba ya kumi na mbili au ya kumi na moja. Kilichotokea ni kwamba programu imewekewa 3:00 badala ya 9:00. Chati za kwetu nimezikuta na tatizo hili mara nyingi sana, na si dogo: lagna hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, kwa hiyo saa sita zinakusomea mtoto mwingine kabisa. Weka 9:00 uone. Lagna itakuja Mbuzi, Surya ataingia nyumba ya kumi na mbili, na Guru na Shani watatoka nyumba ya nne waje nyumba ya kwanza. (Ukiona mahali pengine wameandika kwamba siku ile sayari hizi zilikutana Ndoo, usichanganyikiwe. Hao wanahesabu kwa mfumo wa Kimagharibi, na kati yake na huu wa Kihindi kuna tofauti ya digrii 24 hivi.)

Sasa kukutana kwenyewe. Mimi nilifundishwa jyotish na mzee wa Kigujarati aliyekuwa na duka la vitambaa. Kila nilipompelekea chati yenye sayari mbili pamoja, kabla hajatamka neno aliweka ncha ya penseli juu ya rashi na kuuliza: "Nyumba ya nani hii?" Mpaka umjibu hilo, haendelei.

Mbuzi ni nyumba ya Shani, yaani rashi anayoimiliki. Kwa mwanao, Shani yuko kwake, tena kwenye lagna, ambayo ni kendra (moja ya nyumba za nguzo: ya 1, 4, 7 na 10). Hiyo inaitwa Shasha yoga, moja ya zile yoga (mipangilio maalumu ya sayari) tano za Mahapurusha, za watu wakuu. Guru ndiye mgeni, na ni kweli kabisa kwamba Mbuzi ndiko anakoanguka. Kilele cha kuanguka kwake ni digrii ya 5, na wa mwanao yuko digrii ya 6 na kidogo. Lakini mwenyeji wake ana nguvu, yuko kendra, na wamekaa naye chumba kimoja: hiyo ni neecha bhanga, kuanguka kunakotenguliwa. Juu ya hilo, nyumba ya kwanza ndiko Guru anakopata digbala, nguvu ya mwelekeo. Fungua na navamsa, ile chati ya pili inayogawa kila rashi sehemu tisa: wote wawili wanaingia Ndoo, nyumba nyingine ya Shani, na huko Guru hajaanguka tena. Aliyekuambia "ameanguka" akaishia hapo kakusomea nusu ya sentensi.

Lakini siahidi makubwa vilevile. Kwa lagna ya Mbuzi, Guru anamiliki nyumba ya tatu na ya kumi na mbili, si umiliki wa kushangilia. Kisha siku ile sayari hizi zilikuwa karibu mno, kama sehemu ya kumi ya digrii moja tu, na zikikaribiana chini ya digrii moja tunasema ziko vitani, graha yuddha. Nani mshindi, wanajyotishi hatukubaliani. Wapo wanaotazama mwanga, wanampa Guru. Mimi natazama aliye kaskazini, na siku ile alikuwa Shani. Kwa hiyo naisoma hivi: Shani anaongoza, Guru anapitia kwake. Mtoto wa kushika taratibu kidogo kidogo lakini akishika haachii, mwenye maswali ya kikubwa, anayeheshimu mwalimu mkali kuliko anayembembeleza. Elimu ipo. Haraka ndiyo haipo.

Na wakati wake unajulikana. Chandra, yaani Mwezi, yuko Ndoo kwenye nakshatra (kituo kimoja kati ya 27 vya Mwezi) ya Purva Bhadrapada, ambayo ni ya Guru, kwa hiyo mtoto kaanza maisha na mahadasha ya Guru, yaani kipindi cha maisha kinachotawaliwa na Guru. Itamfikisha kwenye miaka saba hivi, halafu anaingia Shani kwa miaka 19. Yaani shule yote, kuanzia madarasa ya mwanzo mpaka chuo, iko mikononi mwa sayari iliyo na nguvu kuliko mwenzake kwenye kukutana huku. Ndiyo maana nakataa pete: yakuti ya buluu ni jiwe la kumwongezea Shani nguvu, na huyu hajapungukiwa.

Usisahau pia kwamba Guru na Shani hukutana kila baada ya miaka 20 hivi, na watoto wote wa siku zile wanayo yuti hii, yaani kukutana huku. Mara ya kabla ilikuwa Mei 2000, kwenye Kondoo, na pale aliyeanguka ni Shani. Anayetoa hukumu moja kwa jina la yuti tu hawezi kukueleza kwa nini vijana wale na watoto hawa wasifanane, wala kwa nini watoto wawili wa siku moja waachane njia.

Tafuta karatasi ya hospitali uniandikie hapa saa na dakika. Kwa saa tatu kamili lagna iko katikati ya Mbuzi, kwa hiyo dakika ishirini mbele au nyuma hazitaihamisha. Navamsa ya lagna ndiyo itahama, na nataka kuiona hiyo kabla sijasema zaidi.