Insha moja, vyuo kumi: inaruhusiwa?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza form six mwaka huu, niko Mwanza, nataka kuaplai vyuo vya Marekani. Nimeandika insha moja kuhusu bibi yangu anayeuza dagaa Kirumba Mwaloni, na mimi ndo namshikia daftari la madeni, mpaka siku mteja alipokana deni bibi akaniambia nimfutie, mwalimu wangu kaisoma kaipenda. Shida vyuo nilivyochagua ni kumi na kila kimoja kinataka insha zake, nikihesabu zinapita ishirini, na laptopu yenyewe ya kuazima. Naweza kutumia hiyo hiyo kote au wataona natapeli? Afu binamu yangu aliyepata chuo huko ananiambia nichukue insha yake nibadilishe majina tu. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza. Nianze na linalokunyima usingizi: kurudia insha yako mwenyewe sio utapeli. Vyuo vingi vya huko unaaplai kupitia Common App, yani fomu moja ya mtandaoni inayotumika na vyuo vingi, na pale unaandika insha binafsi moja, maneno 250 mpaka 650, hiyo hiyo inaenda kwa kila chuo ulichoweka na unaweza kuweka mpaka 20. Yani mfumo wenyewe umejengwa hivyo. Ya bibi na dagaa iweke hapo, ndo mahali pake.

Kazi iko kwenye zile fupi ambazo kila chuo kinauliza kivyake, na humo kuna moja ambayo nakuomba sana usikopi na kupesti, ile ya "kwa nini unataka kuja kwetu". Chuo cha Yale kwa mfano wamekuwa wakitaka maneno 125 tu, sasa watu wanaona ni fupi wanaandika "chuo chenu kina walimu bora na mazingira mazuri" wanatuma. Fanya hivi, chukua ulichoandika, futa jina la chuo weka la kingine, kama sentensi bado inakubali basi hujasema kitu, andika upya. Tafuta kozi unayoitaka kweli, au kitu wanachofanya kinachogusana na ulichokwisha kufanya wewe.

Nakwambia hivi kwa uchungu. Mwaka naaplai mimi nilikopi ya chuo kimoja nikapeleka kingine, nikabadilisha jina juu, la chini kwenye sentensi ya mwisho likabaki lile lile, nimekuja kuliona nimeshatuma. Sikupata. Sijui kama ni hilo tu lakini mpaka leo naikumbuka ile sentensi. Kwa hiyo kabla hujatuma tafuta jina la kila chuo kwenye kila faili, na mpe mtu mwingine asome kwa sauti wewe unasikiliza.

Zile nyingine, kama "tuambie kitu unachofanya nje ya darasa" au "tuambie kuhusu jamii uliyotoka", hizo zinafanana fanana kote, andika moja vizuri kisha itumie kwa kuipunguza au kuiongeza. Ila soma swali kwanza, wengi wanaanguka hapo, wanaulizwa jamii wanajibu uongozi kwa sababu insha ya uongozi ilikuwepo tayari. Na kupunguza sio kukata mkia. Vyuo vya University of California viko nje ya Common App, wanakupa maswali 8 ujibu 4, kila moja lisizidi maneno 350, hadithi ya maneno 650 huwezi kuibana yote humo, chukua tukio moja tu, siku moja mwaloni. (Hao msaada wa ada kwa wanafunzi wa nje ni mdogo sana, pima kwanza kabla ya kulipia fomu.) Chuo cha MIT nao wana fomu yao yenye majibu mafupi mafupi.

Ukifikiria na Uingereza, kule unaaplai kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi ya vyuo, na andiko moja linaenda vyuo vyote mpaka vitano, herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 limegawanywa maswali matatu. Wanataka kujua kwa nini somo hilo, kwa hiyo bibi atapata mistari miwili mitatu tu, na usitaje jina la chuo maana wote wanasoma hilo hilo.

Sasa ya binamu. Hapana, mdogo wangu, hata aya moja. UCAS wana programu inayolinganisha maandiko na ya miaka iliyopita, na Common App unathibitisha mwenyewe kwamba kazi ni yako, ikigundulika hata ukiwa umeshapata nafasi wanaweza kukunyang'anya. Isome kama unataka kuona alianzaje, ifunge, rudi kwenye yako. Maisha yake yeye hayana sado ya dagaa wala daftari la madeni.

Dedlaini za mapema nyingi ni tarehe 1 Novemba, za kawaida nyingi ni mwanzoni mwa Januari. Kwa kuwa laptopu ni ya kuazima, andika kwenye daftari au simu, ukiipata unaingiza tu. Na anza na zile za "kwa nini kwetu" leo, ndo zinakula muda. Ile sehemu ya mteja aliyekana deni afu bibi akakwambia umfutie, usiipunguze hata neno, iache ndani ya zile 650.