Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mota Ilihamishwa Mbele ya Ekseli?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua kwa mtu bagi mbili za rimoti za mbio, yaani magari madogo ya kukimbizwa nje ya lami, zote za kipimo cha moja kwa kumi cha gari halisi na zote huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Ya kwanza ni ya zamani, na mota yake imening'inia nyuma ya ekseli. Ya pili ni ya miaka ya karibuni, na mota yake imekaa mbele ya ekseli, karibu na katikati ya gari. Klabu yetu hukimbia ukumbini juu ya zulia, na huko lile la zamani hupinduka karibu kila kona. Nilipoyapeleka yote mawili kwenye udongo mkavu wa kiwanja cha jirani, lile jipya ndilo lililoniaibisha: lilizunguka kama pia kila nilipokanyaga moto. Lipi ni bora, na watengenezaji walibadili kwa sababu gani?
Msomaji wa Leicester, Uingereza

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi, kwa kuwa umeyapeleka magari yote mawili kwenye sakafu mbili tofauti, na jibu la swali lako limo humo humo. Kila gari lilifaulu pale lilipotengenezewa.

Tuanze na la zamani. Kampuni ya Associated ya Marekani ilipotoa bagi yake ya RC10 mwaka 1984, ile yenye chesisi ya alumini ya rangi ya dhahabu, mashindano ya bagi yalifanyika juu ya udongo wenye vumbi, na tatizo kubwa la dereva lilikuwa tairi za nyuma kukosa mshiko. Mota, ambayo ina uzito wa zaidi ya gramu 150, iliwekwa nyuma ya ekseli ili izikandamize tairi hizo. Mpango huo ulitosha kuipatia RC10 ubingwa wa dunia wa magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili ulioshindaniwa Del Mar, California, mwaka 1985, na kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata karibu kila mtengenezaji mkubwa alibaki na mpango huo. Betri ya wakati huo nayo ilichangia, kwa sababu seli sita zilizopangwa pamoja zilikuwa na uzito wa karibu gramu 400, nazo ziliweza kujaza tumbo lote la gari pasibaki nafasi ya kuhamishia chochote.

Mambo mawili ndiyo yaliyovuruga mpango huo, na yote mawili yako nje ya gari lenyewe. La kwanza ni sakafu. Viwanja vingi viliacha vumbi, vikahamia kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kunyunyiziwa maji, kisha kwenye zulia na nyasi bandia, hasa huko Ulaya uliko wewe. La pili ni betri za lithiamu, ambazo toleo lake fupi lina uzito wa takribani nusu ya zile seli sita na huchukua nafasi ndogo zaidi. Sakafu ikishakupa mshiko wa bure, uzito ule wa nyuma hugeuka mzigo. Fikiria mtu aliyebeba mzega begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma: kuanza kugeuka kunamchukua muda, na akishageuka, ndoo zinataka kuendelea hata baada ya yeye kusimama. Mtu mwenye uzito ule ule aliyeukumbatia kifuani hugeuka papo hapo. Mota iliyohamishiwa katikati ni ule mzigo wa kifuani, na ndiyo maana gari lako jipya hukata kona za zulia kwa wepesi. Kwenye vumbi wepesi huo huo unakuponza, kwa kuwa tairi za nyuma hazina kitu kizito cha kuzikalia.

Watengenezaji wenyewe hawakuhama kwa siku moja. Mwaka 2011 kampuni ya TLR ilitoa gari lake liitwalo 22 likiwa na vifaa vya kulifunga kwa namna zote mbili, mnunuzi achague mwenyewe. Associated nao, kuelekea mwisho wa mwaka 2013, walitangaza magari mawili bega kwa bega: B5 yenye mota nyuma na B5M yenye mota katikati. Walipofika kwenye B6 mwaka 2016 bado kulikuwa na magari mawili, B6 ya sakafu zenye mshiko mwingi na B6D ya udongo, lakini safari hii mota ya yote mawili ilikuwa mbele ya ekseli. Ugomvi wa nyuma au katikati ulikuwa umekwisha, na kilichobaki kilikuwa ni kubishania sentimita.

Kuhusu kupinduka kwenye zulia, usikimbilie kulaumu umri wa gari. Lidondoshe mezani kutoka kimo cha shubiri moja, likitulia pima nafasi iliyo kati ya meza na chesisi. Gari lililotayarishwa kwa udongo huwa na milimita 22 au zaidi, ilhali kwenye zulia wengi hushuka hadi 17 hivi. Baada ya hapo, paka gundi kali kwenye mashavu ya tairi za mbele, upande wa nje, ili ukingo wa tairi usiume zulia gari linapolala. Nimeona dereva akisumbuka wiki nzima na springi, na dawa yake ilikuwa tone la gundi. Kumbuka pia kwamba kanuni za kimataifa hudai gari la aina yako lisiwe chini ya gramu 1,499. Ukilazimika kuongeza vipande vya madini ya risasi ili kufikia uzito huo, iweke chini kabisa ya gari.

SWALI: Nina bagi ya mota ya katikati yenye giaboksi ya gia tatu, yaani magurudumu matatu ya meno yanayosukumana, si kasi tatu za kubadilisha. Mwenzangu ana kama hiyo hiyo ila ya gia nne, na kwenye uwanja wetu wa vumbi yeye huondoka bila kuteleza. Gia moja inaletaje tofauti hiyo, ikiwa kasi ni ile ile?
Msomaji wa Muscat, Oman

JIBU: Gia mbili zinazogusana huzunguka kila moja kinyume cha mwenzake, kwa hiyo hesabu migeuko. Gia ya mota huigeuza gia kubwa upande wa pili. Ndani ya giaboksi yako gia ya juu huigeuza ya kati, na ya kati huigeuza ya difu, ile inayogawia magurudumu mawili ya nyuma nguvu. Hiyo ni migeuko mitatu, kwa hiyo mota yako huzunguka kinyume cha magurudumu. Mwenzako ana mgeuko mmoja zaidi, na mota yake huzunguka upande mmoja na magurudumu.

Mota inapoongeza kasi, husukuma mwili wa gari kuelekea kinyume cha mzunguko wake. Kwa mwenzako msukumo huo huinua pua na kukalisha kitako, hivyo tairi za nyuma hupata uzito wakati ule ule zinapouhitaji. Kwako pua hubaki chini, jambo ambalo kwenye zulia ni neema kwa sababu usukani unaendelea kufanya kazi huku umekanyaga moto. Utaliona hilo vizuri zaidi angani: ukiongeza moto baada ya kuruka tuta, pua hupanda, na ukifunga breki hushuka, ila la mwenzako litaitika kwa nguvu kuliko lako. Kwa vumbi la Muscat, funga gia ya nne kama giaboksi yako inairuhusu. Kama hairuhusi, sogeza betri nyuma hadi mwisho na ujaze sifongo mbele yake isitikisike.

SWALI: Gari langu hutulia vizuri asubuhi, lakini mchana huanza kudundadunda kwenye matuta yale yale. Springi sijazigusa.
Msomaji wa Minneapolis, Marekani

JIBU: Mafuta ya shokapu yamepata joto na kuwa mepesi, hivyo yanapita kwenye vitundu vya pistoni kwa urahisi kuliko asubuhi. Panda namba moja tu ya uzito wa mafuta, kwa mfano kutoka 30 hadi 35, na usibadilishe kitu kingine siku hiyo, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Kabla ya hapo, shika kila shokapu mkononi uisukume polepole. Ikitoa mlio kama wa mtu anayekoroga uji, imeingia hewa. Ifungue, ongeza mafuta, pandisha na kushusha pistoni taratibu, kisha iache wima bila kifuniko mpaka povu lote lipande juu ndipo uifunge.