Torpedo yenu inakimbia na kufika mbali kwa pamoja

Swali: Fundi, habari za Kyela? Nafundisha fizikia sekondari hapa Iringa, na wanafunzi wangu wana klabu ya michezo ya mezani. Tunacheza vita vya majini vya mwaka 1942. Sentimita moja ni mita 100, zamu moja ni dakika tatu. Torpedo (bomu linalojiendesha ndani ya maji) ya Kimarekani, Mark 15, tumeipa kasi ya noti 45, yaani maili 45 za baharini kwa saa, na masafa ya sentimita 137. Sasa kila anayefyatua anapiga, mizinga imekosa kazi. Tumekosea wapi?

Jibu: Kyela salama, Mwalimu. Namba zenu zote mbili ni za kweli, ila haziwezi kuwa za mfyatuo mmoja. Mark 15 ilikuwa na kasi tatu za kuchagua: noti 45 kwa mita 5,500 hivi, noti 33.5 kwa mita 9,150, au noti 26.5 kwa mita 13,700. Ninyi mmechukua kasi ya kwanza mkaipa masafa ya mwisho.

Mimi natengeneza injini za boti, na jambo hili naliona kila wiki. Boti iliyosheheni magunia ya mchele, ukivuta mafuta hadi mwisho, dumu la petroli linashuka huku unalitazama, maana plastiki yake inaangaza. Ukipunguza, dumu lilelile linakufikisha mbali zaidi. Ndani ya maji ukinzani hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi mara mbili, kila mita inakula nishati mara nne. Wape wanafunzi wajaribu: 45 gawanya kwa 26.5 ni 1.7, kipeo chake cha pili karibu 2.9. Masafa halisi yaliongezeka mara 2.5. Hailingani kabisa, kwa kuwa ufanisi wa injini nao hubadilika na kasi, lakini wataiona kanuni ikifanya kazi.

Mezani kwenu, noti moja kwa zamu ni sentimita 0.93. Torpedo ya noti 45 inasogea sentimita 42 na kufa ikifika 55, yaani ndani ya zamu ya pili. Ile ya noti 26.5 inasogea 24.5 na kuishi zamu tano na nusu.

Halafu kuna kosa la pili, na hili ndilo naomba mlishike sana. Nadhani mnapima kwa rula kutoka kwa mfyatuaji hadi meli ilipo sasa. Torpedo haiendi meli ilipo, inaenda itakapokuwa. Chukua manowari inayokimbia noti 30. Torpedo ya noti 45 inamaliza mita zake 5,500 kwa dakika nne, na katika dakika hizo manowari inakwenda mita 3,700. Kama inakukimbia, lazima ufyatue ukiwa ndani ya mita 1,800. Kama inakujia uso kwa uso, unaweza kufyatua ikiwa mita 9,200. Torpedo ni ileile! Na ya noti 26.5 ukiifyatua nyuma ya meli hiyo haitaifikia kamwe. Meli inaizidi mbio.

Kwa hiyo mfyatuaji aandike kwenye kikaratasi zamu, mwelekeo na kasi, akikunje, ampe msimamizi. Msimamizi aisogeze torpedo kwenye karatasi yake ya siri, na adui asiambiwe kitu mpaka njia zikutane. Dadu lirushwe hapo tu. Adui akigeuza meli kwa bahati, amepona.

Wajapani wawekeeni karatasi yao. Torpedo yao, Type 93, ilitumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida, ikafika mita 20,000 kwa noti 48 hivi, na mapovu yake yalikuwa haba, vigumu kuyaona. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1942, huko Tassafaronga, kwenye Visiwa vya Solomon, manowari nane za Kijapani zilipiga kruza (meli kubwa za kivita) nne za Marekani kwa torpedo, na Northampton ikazama. Mkicheza usiku ule, mchezaji wa Marekani asionyeshwe njia ya torpedo hata ikiwa sentimita tano kutoka ubavuni mwake.